Riziki Isiyo na Tajiri

Katika miji ya Afrika ya Mashariki, tangu Lamu hadi Mtwara, na kutoka mwambao hadi Kisumu na Mwanza, walio wengi miongoni mwa watu wanaotoka majumbani mwao kabla ya alfajiri kwenda kutafuta riziki hawana tajiri wa kumtumikia, hawana mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi, wala hawana karatasi iwayo yote inayoshuhudia kuwa wao ni wafanyakazi. Na watu hao hao ndio wanaotulisha, wanaotushonea nguo, wanaotubeba kutoka kituoni hadi mlangoni na wanaotujengea nyumba. Nchini Kenya hesabu za serikali zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa, ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya watu 80 katika kila 100 walio kazini wamo katika shughuli zinazoitwa za jua kali. Kwa kadiri hiyo mwenye mshahara ndiye aliye mchache, ilhali sheria, benki, bima na hata mafunzo ya shule vimetungwa kana kwamba yeye ndiye kaida na wengine wote ni waliopotea njia.

Kila taabu za watu hawa zinapojadiliwa, barazani au bungeni, jawabu linalotangulia ni mtaji: wapewe mikopo, na mambo yao yatanyooka. Sikatai kuwa mtaji ni haja ya kweli. Lakini nikizitazama kazi hizi kwa urefu wa historia yake, tangu zama za kipande cha wakoloni hadi zama hizi za simu, naona kuwa mambo mawili mengine ndiyo yaliyoamua nani adumu na nani aanguke, nayo ni amani ya mahali pa kufanyia kazi, na mkono wa kumshika mtu siku asipoweza kufanya kazi. Palipokuwa na mawili hayo, mtaji mdogo ulikua. Yalipokosekana, hata mtaji wa kutosha uliishia katika faini, katika kibanda kilichobomolewa, au katika kitanda cha hospitali.

Kujitegemea katika kazi hakukuletwa na uhaba wa ajira wa siku hizi. Miji ya mwambao ilisimama juu ya amali za watu wasiokuwa na bwana wa kudumu: maseremala wa majahazi na wachonga milango, wafua fedha, wasuka mikeka, washona kofia, na walimu wa vyuo waliopokea kile alichojaliwa mzazi kutoa. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kuutia wimbo wa Kiswahili katika santuri, alianza maisha kama binti wa Fumba aliyetembeza vyungu vya udongo hadi mjini Unguja, akinadi bidhaa yake kwa sauti njia nzima. Alipohamia mjini mwaka 1911 hakuwa na elimu ya shule wala jamaa wenye vyeo. Aghalabu husemwa kuwa kipaji chake ndicho kilichomfikisha alikofika, na kipaji alikuwa nacho. Lakini alikuta pia kundi la wapigaji waliomfunza ala na kuimba pamoja naye, wakamwalika na kumlinda, na ndani ya kundi hilo sauti ya mchuuzi ikawa kazi ya maisha. Lau angebaki njiani peke yake, naamini tungesikia habari za vyungu tu, au tusingesikia kitu.

Dola ya kikoloni haikumpenda mtu wa namna hiyo, kwa sababu haikujua pa kumshika. Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono, na mkono wenye riziki yake haukuja kwa hiari. Ndipo kodi ya nyumba na ya kichwa ilipotozwa kwa fedha taslimu, ili mtu alazimike kuitafuta fedha ilipo. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kuchukua kipande, na wengi walikitia ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Humo tajiri aliandika ujira na siku alipomwachia mtumishi wake, na mtu aliyeondoka bila kuachiwa alihesabiwa mtoro. Kipande kilidumu hadi mwaka 1947. Tujiulize maana yake kwa fundi au mchuuzi: karatasi iliyothibitisha uhalali wa mtu mjini ilikuwa na nafasi ya jina la tajiri, na asiyekuwa na tajiri alikuwa na nafasi tupu.

Bandarini Mombasa jambo lile lile lilijitokeza kwa sura nyingine. Hamali aliyelipwa kwa kutwa aliweza kufanya kazi gatini siku kadhaa za mwezi, na siku zilizobaki akaangalia minazi yake, au akavua, au akauza chochote. Na wakubwa wa bandari na wa serikali, walioona watu hawaji kila asubuhi, waliuita mpango huo uvivu na chanzo cha fujo. Baada ya mgomo mkuu wa Januari 1947 juhudi za kuwapunguza vibarua wa kutwa na kuweka kikosi kidogo cha watu wa kudumu zilizidi, na katika miaka ya 1950 zikafaulu. Waliobaki ndani walipata ujira bora na uhakika wa kesho, nao walistahili. Walioachwa nje walipoteza mlango ambao kwao mji na shamba vilikuwa vikikutana. Sidhani kuwa yale yalikuwa makosa matupu, ila nasema kuwa uhakika ule ulinunuliwa kwa kuwasahau wengi, na mtindo huo wa kununua uhakika wa wachache tumeurithi.

Uhuru nao haukuliondoa mara moja shaka la dola juu ya mtu asiye na tajiri. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha, ambayo ilimtukuza mtu anayekula kwa jasho lake, mchuuzi wa barabarani alikaa mahali pagumu, kwa kuwa jasho lake halikuonekana kama la mkulima au la mfanyakazi wa kiwanda. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye afya awe na kazi inayotambulika, na Dar es Salaam wauza karanga, wapiga viatu rangi na vijana wa biashara ndogondogo walikamatwa ili wapelekwe mashambani. Ajabu ya nyakati hizo ni kwamba mishahara ya serikali ilikuwa imeshuka thamani hata karani mwenyewe hakuweza kuishi kwa mshahara wake wiki mbili: mkewe alifuga kuku, aliuza maandazi au barafu, na mradi huo wa uani ndio uliolisha nyumba iliyohesabiwa kuwa ya mwenye ajira. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, mitumba na vitu vya dukani vikarudi, na maelfu ya watu wakaingia katika biashara wazi.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuliona jambo hili miaka kadhaa kabla. Mmoja wao, Keith Hart, alilieleza kutokana na mitaa ya Accra nchini Ghana, na mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioichunguza Kenya uliandika kuwa mafundi na wachuuzi wa Nairobi si mzigo wa mji. Wana ustadi, wanazalisha kwa gharama ndogo, na kinachowarudisha nyuma ni kusumbuliwa na askari wa halmashauri. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kwa maneno hayo kupata masikio. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, Nairobi, akawaona mafundi wakifua mabati chini ya jua, akaahidi kuwajengea mabanda. Na mwaka uliofuata waraka rasmi wa sera za uchumi ukawataja watu wa jua kali kama sehemu ya matumaini ya taifa.

Kamukunji inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inafunza zaidi ya nyaraka. Pipa la mafuta lililokwisha kutumika hukatwa kwa patasi, likafunguliwa, likanyooshwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Bamba lile hupimwa kwa jicho na kwa kigezo cha bati, likakunjwa kingo, na kabla ya saa sita limekuwa karai, au mwili wa jiko, au kifuniko cha sanduku la mwanafunzi. Hapo ndipo lilipokomaa jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo wa kufinyanga ndani yake, lililobuniwa katika miaka ya 1980 kwa kuiga mfano kutoka Thailand, na ambalo mafundi walilirekebisha kwa mikono yao hadi likaenea Kenya nzima na kuvuka mipaka. Nguvu ya mahali hapo haimo katika nyundo tu. Upande mmoja liko soko la Gikomba na mikokoteni ya chuma chakavu. Upande wa pili kiko kituo cha mabasi yaendayo mashambani, ambako mwenye duka wa Machakos au wa Kitui hushuka asubuhi na kurudi jioni na masanduku juu ya basi. Aliyelipata bamba hapa, akalifua hapa, akaliuza hapa, hana gharama ya njia. Ukimwondoa fundi yule Kamukunji na kumpa banda zuri maili 10 kutoka hapo, umemwachia ustadi wote na umemnyang'anya kazi.

Hilo ndilo lililosahauliwa pale Ilala, Dar es Salaam, lilipojengwa jengo kubwa la ghorofa kwa ajili ya wachuuzi, Machinga Complex, lililofunguliwa mwaka 2010 na ambalo vizimba vyake vingi vilikaa muda mrefu bila wapangaji. Walisemwa kuwa hawataki utaratibu. Walakini bidhaa ya mchuuzi ni ile ambayo mnunuzi hakuondoka nyumbani akiifikiria: soksi, chaja, kitana, kipande cha tikiti; nayo hununuliwa kwa sababu imekutana na jicho njiani. Mnunuzi hapandi ghorofa ya tatu kutafuta kitana. Tangu hapo siasa imeyumba kutoka upande hadi upande. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwagawia wachuuzi vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, wakajaa hadi katika njia za watembea kwa miguu. Na kufikia Oktoba 2021 wakaondolewa Kariakoo na kwingineko kwa amri ya kupangwa upya. Mwenye duka anayelipa pango na kodi ana malalamiko ya haki akizibiwa mlango, na mwenye kiti cha magurudumu ana haki ya njia. Sitaki kuyadharau hayo. Lakini katika miaka 3 mtu yule yule aliambiwa na dola ile ile kuwa anaruhusiwa na kuwa haruhusiwi, na hakuna mkopo unaoweza kumfidia mtu asiyejua kama meza yake itakuwapo mwakani. Ingefaa kila halmashauri iandike wazi mitaa ipi, saa zipi na kwa miaka mingapi biashara ya barabarani ni halali, na kauli hiyo isibadilike kwa kubadilika mkuu wa wilaya.

Mahali, aidha, ni zaidi ya ardhi. Ni pamoja na watu wa pale. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, alipita katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, ambako alitafuta riziki kwa kazi mbalimbali za mikono. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao wa dari kwa rangi ya baiskeli, na picha zikauzwa Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, ambako wageni wa mji walikuwa wakinunua mahitaji yao. Hakuwa na chuo alichosomea wala duka la kukodi. Aliuchora mtindo wake kwa miaka isiyozidi minne, maana mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Kwa kawaida kazi ya mtu mmoja hufa pamoja naye. Yeye, hata hivyo, alikuwa amewafunza jamaa na marafiki, akina January Linda, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na Simon Mpata, na wale waliobaki hawakutawanyika: waliendelea kuchora pale pale, wakaunda ubia, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika. Leo mamia wamelelewa na rangi ile. Kila mchoraji hutia saini yake na kula kwa picha yake. Lakini mahali pa kuuzia, jina linalomvuta mnunuzi na malezi ya wanafunzi ni vya wote. Wachongaji wa Kikamba waliojikusanya Changamwe, Mombasa, mwaka 1963, walifika kwenye shauri lile lile kwa njia yao, na wangali wanachonga.

Sasa mtaji. Mtazame mama lishe aliye kando ya jengo linaloinuliwa, ambaye amenunua mchele, maharage na mkaa usiku, na saa sita mchana anapakua wali kwa watu 40. Aghalabu nusu yao hawalipi siku ile. Majina yao huandikwa katika daftari lililofungwa kwa mpira, Fundi Tofali, Kijana wa Zege, Babu Mlinzi, mpaka Jumamosi mkandarasi atakapotoa posho. Mkandarasi asipotoa Jumamosi ile, wala iliyofuata, ni nani anayekiendesha kiwanja kile kwa fedha zake? Mama yule amemkopesha mwenye jengo bila riba, bila dhamana, na bila mwenye jengo kumjua jina. Mtu wa namna hiyo hasemwi vizuri akisemwa kuwa hana mtaji; mtaji anao, ila uko mikononi mwa wenye nguvu kuliko yeye.

Dereva wa bodaboda naye, mrithi wa wale wapanda baiskeli waliowavusha watu katika mpaka wa Busia, ana hesabu ya kufikiriwa. Kijana asiye na pikipiki huchukua ya mtu kwa mkataba, apeleke fedha kila siku hadi muda utimie na chombo kiwe chake. Tuseme ni shilingi 10,000 za Tanzania kwa siku 6 za wiki: kwa mwaka mmoja amelipa shilingi 3,120,000, na mafuta, matairi na matengenezo ni juu yake. Akimaliza ni mwenye mali, na wako wengi waliofika huko, wakanunua ya pili na kumpa kijana mwingine. Lakini akivunjika mguu mwezi wa 10, mara nyingi chombo hurudi kwa mwenyewe na alicholipa kimekwenda. Kwa hiyo naona taabu kuu ya mkataba ule imo katika ule mwezi wa 10, zaidi kuliko ukubwa wa bei. Mikopo ya serikali haijaligusa hilo. Kenya ilipoanzisha Hustler Fund Novemba 2022, kwa mkopo wa mtu binafsi wa kuanzia shilingi 500, riba ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, jambo la kushukuriwa. Muda wa kulipa ulikuwa siku 14. Siku 14 zinamtosha muuza nyanya, hazimtoshi fundi anayengoja mteja wa kabati. Upatu wa akina mama, ambao hakuna waziri aliyeubuni, umekuwa na hekima zaidi katika hili, kwa sababu aliyefiwa au aliyeuguliwa huweza kuomba zamu yake iletwe mbele, na wenzake wakaridhia.

Juu ya kazi za intaneti na za programu za simu sitasema mengi, kwa kuwa mengi yake ni mambo ya zamani katika chombo kipya. Dereva anayeitwa kwa simu ana gari, mafuta na hasara. Kampuni ina bei na mteja. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu ya Tanzania, LATRA, ilipotaka mwaka 2022 kamisheni isizidi asilimia 15, Uber ilisitisha huduma zake nchini kwa miezi kadhaa. Mtu asiyepanga bei yake wala kumjua mteja wake ana tajiri, hata kama tajiri huyo haonekani, na insafu inataka tajiri huyo abebe sehemu ya hatari.

Tumebakiwa na ugonjwa na uzee, ambako naliona pengo kubwa kuliko yote. Mwaka 2011 Kenya ilipata mpango wa Mbao kwa ajili ya jua kali, mtu aweke shilingi 20 kwa siku kwa simu. Ulikuwa mpango ulioanza na mfuko wa mtu jinsi ulivyo, na kwa hilo unastahili sifa. Bima mpya ya afya ilipoanza Oktoba 2024, mwenye mshahara alikatwa asilimia 2.75 kila mwezi, naye asiye na mshahara akatakiwa alipe michango ya mwaka mzima kwa pamoja, ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ndiyo 3,600 kwa mkupuo. Anayelipwa kwa mwezi akalipa kwa mwezi, na anayelipwa kwa kutwa akalipa kwa mwaka! Mwaka 2025 ukaongezwa utaratibu wa kulipa polepole kwa njia ya mkopo.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 hupata pensheni ya jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Mvuvi wa Makunduchi na msuka ukindu wa Pemba hawaulizwi walimtumikia nani. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kuwalipa wazee wa miaka 70 shilingi 2,000 kila mwezi. Tanzania Bara haijaweka malipo ya namna hiyo kwa wazee wote, na muda wa kungoja umekwisha, kwa sababu waliofungua meza zao soko lilipolegezwa mwaka 1984, wakiwa na umri wa miaka 30, sasa wamevuka 70, na wengi wao wangali wanakaa nyuma ya meza zile zile.